Jibu: Herini ya titani kwa sikio linalowasha

Pole sana, dadangu. Umeuliza kama uondoe herini ya chuma uweke ya titani, kwa kuwa tundu la gegedu (ile sehemu ngumu ya sikio) ulilotobolewa hapa Kisumu miezi miwili iliyopita bado linawasha na kutoa majimaji. Mimi ningebadilisha. Hicho wanachokiita chuma cha hospitali huwa na nikeli, na nikeli ndiyo huwasha ngozi za wengi. Niliteseka miezi minne na herini ya kibandani nikidhani ni uchafu, kumbe ni madini yenyewe.

Lakini neno “titani” pekee lisikuridhishe. Dai cheti chenye alama ASTM F136, daraja la vipandikizi vya mwilini. Sumaku haitoshi kupima: titani hainaswi, ila hata chuma cha pua mara nyingi hakinaswi. Uzito husaidia zaidi, titani ina karibu nusu ya uzito wa chuma. Tena meno ya skrubu yawe kwenye kichwa cha herini, si kwenye kijiti, maana yakipita tunduni hukwaruza.

Usiitoe mwenyewe nyumbani. Gegedu huchukua miezi 6 hadi 12 kupona na tundu hujifunga upesi, kwa hiyo abadilishe fundi mwenye vifaa safi. Ukiona usaha, uvimbe wenye joto au homa, nenda hospitali kwanza, herini ikiwa sikioni.