Maswali ya Wasomaji: CUBESET inaniachia seli tupu

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Naandaa ripoti ya mauzo kwenye Excel, data zipo kwenye modeli ya data (meza zilizounganishwa ndani ya faili lenyewe). Bosi hataki pivoti (jedwali la muhtasari la Excel), anataka jedwali la mpangilio wake, aina za bidhaa zishuke safu A na mauzo pembeni. Nimeandika CUBEMEMBER, fanksheni ya kuleta jina moja kutoka kwenye modeli, moja moja kwa kila aina, ila wakiongeza aina mpya mi sina habari mpaka jumla zikatae kulingana. Nikajaribu CUBESET, seli inabaki tupu kabisa, hata kosa haioneshi. Nakosea wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na hapo kwenye CUBESET hujakosea kitu. Ile fanksheni inashika orodha nzima ndani ya seli moja, sasa seli moja haiwezi kuonesha majina yote, kwa hiyo usipoipa maneno ya kuonesha inakaa kimya ingawa orodha imo. Andika hivi A1:

=CUBESET("ThisWorkbookDataModel","[Bidhaa].[Aina].Children","Aina zote")

Tumia Children, usitumie Members, maana Members inakuletea na ile All ambayo ni jumla, halafu unaikuta imekaa kwenye orodha kama aina mojawapo na hesabu zinajirudia mara mbili. A2 weka =CUBESETCOUNT(A1), itakwambia memba, yaani aina zilizomo kwenye orodha, wako wangapi. Kisha A5 ndo unaanza kuwatoa mmoja mmoja:

=IF(ROWS(A$5:A5)>$A$2,"",CUBERANKEDMEMBER("ThisWorkbookDataModel",$A$1,ROWS(A$5:A5)))

Buruta chini. Hiyo ROWS inahesabu 1, 2, 3 kadiri unavyoshuka, na idadi ya A2 ikiisha mistari inayobaki inakuwa mitupu. Wengi hapa wanafunga kila kitu na IFERROR, ile inayoficha kosa, na mi nakusihi sana usifanye hivyo, kwa sababu siku koneksheni (kiungo cha kwenda kwenye data) ikikatika orodha yote itapotea kimyakimya na mtu atadhani hakuna mauzo, bora kosa lionekane. Na buruta mistari mingi kuliko unayohitaji leo, halafu seli ya pembeni ilinganishe A2 na idadi ya mistari uliyoburuta, aina zikizidi ikupigie kelele, hapo ndo utajua mapema kabla jumla hazijakataa.

Mauzo unaweka B5, na huandiki tena jina la aina, unaelekeza tu kwenye seli:

=IF(A5="","",CUBEVALUE("ThisWorkbookDataModel",A5,"[Measures].[Jumla ya Mauzo]"))

Badilisha hayo majina ya meza, safu na kipimo (hicho cha [Measures]) yafanane na ya kwako. Na kama kompyuta yako inatenganisha kwa nukta mkato badala ya koma, badilisha pia.

Bosi akitaka zinazouza zaidi zikae juu, CUBESET ina nafasi mbili za mwisho: weka 2 halafu "[Measures].[Jumla ya Mauzo]", inapanga kubwa kwenda ndogo yenyewe.

SWALI: Mimi natumia kyubu (data iliyopangwa tayari kwa uchambuzi) ya kwenye seva. Kwangu ripoti inafunguka vizuri, nikimtumia mwenzangu anaona #NAME? kila mahali. Na mimi mara nyingine napata #N/A.

JIBU: Hizo ni shida mbili tofauti dada. #NAME? hapo inamaanisha jina la koneksheni halipo kwenye faili au seva haifikiki, kwa hiyo mwenzako aangalie kwanza kama ana ruhusa na kama yuko kwenye mtandao wa ofisi. #N/A kwa kawaida ni memba hayupo au mabano ya mraba yamekosewa. Ukitaka kuona jina sahihi linavyoandikwa, tengeneza pivoti ndogo, nenda OLAP Tools, bonyeza Convert to Formulas, Excel itakuandikia fomula zenyewe, wewe unakopi tu. Ukiona #GETTING_DATA usiguse kitu, inavuta data bado.