Ukifungua njia fuko asije kuziba, hama hapo

Juzi usiku kijana mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji. Kanisalimia vizuri, shikamoo kaka, alafu akaniambia amechoka na bodaboda, tajiri anataka hesabu yake kila siku hata mvua ikinyesha kutwa, na amesikia mimi nimejenga kwa hela ya kutega fuko, wale wanyama wa chini ya ardhi wanaoharibu mashamba, je na yeye aingie? Akanirushia na video ya mzee wa Uingereza anatega fuko kwenye uwanja wa gofu, mitego ya chuma inang'aa, anauliza kaka hii mitego naagiza wapi.

Nilimjibu kifupi maana nilikuwa nimechoka, ila usingizi haukuja. Najua mko wengi mnaotamani kazi ya mikono yenu wenyewe isiyo na tajiri, kwa hiyo leo nasema yote.

Nyumba ni kweli. Vyumba vitatu, bati geji 30, hapa hapa Newala, na sio hela ya korosho, mikorosho niliyorithi ni kumi na miwili tu na imeshazeeka. Ni fuko. Msimu uliopita kuna shamba moja la mihogo upande wa Tandahimba, eka nane, nimetoa fuko 23 kwa shilingi 3,000 kila mmoja, na mwenye shamba alinipikia chakula siku zote nilizokaa. Mama yule alikuwa ameshakata tamaa, unang'oa shina la muhogo limesimama vizuri na majani yake, chini hakuna kitu, limeliwa lote limebaki ganda. Aliponishika mkono siku ya mwisho alilia. Mimi hiyo siku siisahau.

Sasa hiyo video mdogo wangu. Yule mnyama wa Ulaya sio fuko wetu, hata ukoo hawana. Yule anakula minyoo, mihogo haimhusu, kosa lake ni kufukua majani ya watu na kuharibu viwanja, na anachimba kwa viganja vyake vipana kama makasia. Kule zamani walikuwa wanawawekea minyoo yenye sumu ya strikinini, Uingereza wakaikataza mwaka 2006, ndo wategaji wa mkono wakapata soko tena. Wetu ni jamii ya panya, anakula mizizi na viazi na karanga, na anachimba kwa meno. Yale meno yamekaa nje ya midomo, anafunga mdomo nyuma ya meno ili udongo usiingie, kwa hiyo anachimba huku kinywa kimefungwa. Mtego wa chuma wa kule umetengenezwa kwa njia ya mnyama wa kule. Usiagize kitu. Ufito mbichi unaopindika, kamba na kijiti cha kufyatulia vinatosha, na hivyo vyote unavipata porini na dukani kwa jero.

Mimi nilifundishwa na mjomba, ndugu yake mama, maana kwetu Wamakonde mjomba ndo mwenye mtoto. Nilikuwa darasa la tano. Mwezi mzima hakunigusisha mtego, nilikuwa nabeba jembe tu namfuata, nilikasirika sana. Kazi yangu ilikuwa moja, mjomba anatafuta kifusi kibichi cha udongo uliosukumwa na fuko, kile ambacho udongo wake bado una unyevu haujapauka, anachoma kijiti pembeni kidogo kidogo mpaka kinazama ghafla, hapo ndo njia ya fuko ya chini kwa chini ilipo, anaifukua inabaki wazi kama mdomo wa chungu, alafu ananiambia kaa hapa, usiseme, usitembee, usikanyage kanyage, akija kuziba uniite. Anaondoka.

Nakaa. Fuko hapendi njia yake iwe wazi, hewa ikiingia au mwanga anajua, atakuja kuleta udongo azibe. Haoni vizuri, macho yake madogo mno, ila mtikisiko wa ardhini anausikia wewe ukiwa mbali. Wakati mwingine dakika ishirini, wakati mwingine jua linahama kabisa kutoka mkorosho mmoja mpaka mwingine. Alafu unaona udongo unasukumwa, kidogo, unasimama, unasukumwa tena. Mimi moyo ulikuwa unadunda mpaka naogopa atausikia.

Na siku nyingine haji. Njia imekufa, ameshaihama, au kaliwa na nyoka. Sasa hapa ndo watu wote wanapofeli na naomba unisikie vizuri. Wanaona vifusi vingi shambani wanatega mitego thelathini kwa siku moja kila kifusi, asubuhi wanapita mtego mtupu, mtupu, mtupu, wanasema fuko mchawi. Fuko sio mchawi, umetega kaburi. Vifusi vyote vile ishirini vinaweza kuwa vya fuko mmoja tu, maana huyu wa kwetu mwenye rangi ya fedha anaishi peke yake, hakaribishi mtu. Fungua kwanza. Akija kuziba, yuko, na umeshajua anatokea upande gani, kitanzi kinakaa upande huo. Asipokuja, hama hapo. Hiyo ndo kazi yote niliyofundishwa, mengine ni mikono kuzoea.

Mikono yenyewe uisugue kwa udongo wa shimo lile lile kabla ya kushika kamba, na sigara acha kabisa siku ya kutega. Na usiingize mkono kwenye tundu. Mimi niliingiza mwaka wangu wa kwanza wa kufanya kazi peke yangu, niliona mkia nikapata tamaa, alinigeukia akaniuma dole gumba mpaka kwenye mfupa, hadi leo halikunji vizuri. Na kumbuka nyoka naye anatumia zile njia.

Kuna njia ya jembe pia, unasimama juu ya tundu akija kusukuma udongo unapiga jembe nyuma yake kumkatia njia, unambinua nje. Inahitaji miguu isiyotikisika. Ukishaiweza utaipenda kuliko mtego.

Sumu mimi siweki na sitakaa niweke. Watu wanamwaga dawa za mikorosho kwenye mashimo, fuko anasukuma udongo anaziba, dawa inabaki ardhini kwenye muhogo wako. Au anakufia chini, mbwa anafukua. Na huku kwetu panya ni samaki nchanga, ni kitoweo, fuko naye wapo wanaomla, sasa mtoto akiokota fuko wa sumu akaenda kumbanika utasema nini kwa mama yake?

Sasa nisimulie la gofu, maana ndo kijana aliuliza, na sijawahi kulisema hadharani.

Huku Mtwara na Lindi hiyo kazi ya gofu haipo, usijidanganye. Mimi niliitwa kaskazini, jamaa alisikia habari zangu kwa dereva wa lori, akapiga simu, wana uwanja wa gofu fuko wanawaharibia zile sehemu laini karibu na mashimo wanaita grini, shilingi 10,000 kwa kila fuko, njoo. Nilikopa nauli. Siku mbili kwenye basi. Nafika nakuta fuko wa kule wa milimani ni mnyama mwingine, mnene, macho yanaonekana, na udongo wao mzito unashika sio kama mchanga wetu huu. Siku tatu sikupata hata mmoja. Wale vijana wa kukata majani walikuwa wanapita wanacheka, fundi kutoka kusini. Usiku wa tatu nikajiambia mjomba angefanya nini, asubuhi nikaacha mitego yote, nikafungua njia moja, nikakaa. Akaja kuziba. Kuanzia hapo ndani ya siku tisa nimetoa 17, na nilikuwa nawafukia palepale pembeni ya uzio ili uwanja ubaki msafi.

Siku ya malipo bosi akasema yeye ameona wanne. Na kuna vifusi viwili vipya vimetokea asubuhi ile, kwa hiyo kazi haijaisha. Nikamwambia twende nikakufukulie uwahesabu, akasema hana muda wa kufukua panya. Nikapewa nauli na shilingi 40,000. Nililala stendi. Sijaumia kwa sababu ya hela peke yake, nimeumia alivyosema panya, kama vile siku zangu zote tisa za kukaa juani nilikuwa nacheza.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mnaosoma, mkia. Kata mkia wa kila fuko uweke kwenye chupa, mkia wake mfupi lakini upo, kila jioni hesabuni pamoja na mwenye shamba na aandike kwenye daftari asaini. Na kabla hujaanza omba kidogo mkononi, hata ya fuko wawili tu. Mtu mwenye nia atatoa. Anayezunguka zunguka maneno, utaona mwisho, tutaongea, wewe fanya kazi kwanza, huyo ni njia iliyokufa, usitege hapo hata akikuahidi milioni. Vijana tunapenda ahadi kubwa. Mama wa Tandahimba alinipa 6,000 siku ya kwanza imekunjwa kwenye pindo la kanga, hakuniahidi chochote kikubwa, na amenilipa mpaka shilingi ya mwisho. Muwe na subira, mkae chini, mtazame mtu anavyofanya mambo madogo kabla hamjampa miezi yenu.

Mdogo wangu wa Nachingwea, bodaboda usiiache. Anza na shamba la mama yako. Mvua zikianza, ardhi ikilainika na vifusi vikawa vingi, panda gari uje Newala ukae kwangu wiki mbili, chumba kipo, hela sitaki. Mwezi mzima kama mimi sitakuweka. Utabeba jembe tu. Saa hizi nina mmoja kwenye karanga za jirani, nimemfungulia mara tatu tangu Jumatatu na mara zote tatu ameziba akatokea upande tofauti, kesho alfajiri narudi.