Jumanne saa nne asubuhi, mikono yako itakuwa inafanya nini?

Matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yakitoka tu, simu yangu haipumziki. Nimefundisha sekondari huku mashariki mwa Uganda miaka mingi, na baadhi ya niliowajazia fomu za chuo kikuu sasa wananiletea watoto wao. Karibu kila anayeniandikia anauliza kozi gani ina soko. Mimi humrudishia swali: Jumanne saa nne asubuhi, ukiwa kazini, mikono yako itakuwa inafanya nini? Asiye na jibu, namwomba asitie sahihi fomu kwanza.

"Mwalimu, binti yangu amepata A ya Fizikia, B ya Bayolojia na C ya Kemia. Nataka asome udaktari. Yeye anasema uuguzi. Nimwambieje?" Baba, Malaba

Baba, hongera kwa binti. Tupige hesabu kwanza, maana wazazi wengi hujumlisha pointi kisha wanashangaa mtoto ameachwa. A ni 6, B ni 5, C ni 4, jumla 15. Ila chuo kikuu cha umma hakijumlishi hivyo. Kila kozi ina masomo yake mawili ya msingi yanayozidishwa mara 3, na la tatu linazidishwa mara 2. Kwa udaktari, ya msingi ni Bayolojia na Kemia. Kwa hiyo B ya binti inakuwa 15, C inakuwa 12, na ile A ya Fizikia mliyoichinjia kuku inakuwa 12 pia, sawa na C. Jumla 39. Mwenzake mwenye 15 zile zile, lakini A yake iko kwenye Bayolojia, B kwenye Kemia na C kwenye Fizikia, anafika 41. Binti ataongezewa 1.5 ya wasichana, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990, pamoja na vipande vidogo vya General Paper, mtihani wa maarifa ya jumla, na matokeo ya S4. Udaktari ndipo wanapogombana kwa nusu pointi, na nafasi za kulipiwa na serikali ni chache. Nakueleza haya yote kwa sababu una watoto wengine nyuma yake: siku ya kuchagua kombinesheni, yaani masomo ya kusoma S5, ndiyo siku kozi inapoanza kuchaguliwa, na wazazi wengi siku hiyo hawapo.

Sasa turudi kwa binti. Udaktari ni miaka 5 darasani na mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, na wahitimu wetu wamewahi kusubiri miezi mingi nyumbani kabla ya kupangiwa hospitali. Uuguzi una ngazi: mtu anaweza kuanza na cheti au diploma, akafanya kazi, akarudi kusomea shahada akiwa na mshahara wake. Lakini hizo ni hesabu za mfuko, na mimi sitaki zikuamulie.

Mpwa wangu alikuwa na ubishi huu huu na wazazi wake. Nikamwombea akae siku moja kwenye kituo cha afya. Tabibu alimwona mtoto aliyekaukiwa maji, akaandika, akaita mwingine. Muuguzi akabaki. Alitafuta mshipa mkono wa kushoto akaukosa, akahamia wa kulia, akigonga ngozi kwa vidole viwili, huku akimuuliza mama mtoto ananyonya lini na anapenda kubebwa vipi. Damu ilipopanda kwenye sindano, mama ndiye aliyelia. Jioni mpwa wangu aliniambia: nataka kuwa yule aliyebaki. Mwombee binti yako siku kama hiyo, nawe uende, ukae benchi ya nyuma. Uuguzi si udaktari wa waliokosa pointi. Ni kazi nyingine kabisa.

"Nilisoma Historia, Uchumi na Divinity (somo la dini). Nikimaliza sheria miaka minne nitakuwa wakili?" Kijana, Tororo

Hapana mwanangu, na ni heri uyajue sasa. Kombinesheni yako haikuzuii, kwa kuwa sheria huhesabu masomo mawili uliyofanya vizuri zaidi, yawe yoyote. Ila shahada ya sheria peke yake haikupeleki mbele ya hakimu. Baada yake kuna LDC, chuo cha kuwaandaa mawakili kule Kampala, iliyopo tangu 1970, ambako unasomea diploma ya utendaji wa sheria kwa ada nyingine, na kufeli huko ni jambo la kawaida. Panga bajeti ya miaka mitano hata sita, usipange ya minne. Kuhusu Jumanne yako: mawakili ninaowajua hushinda wakisoma hati za ardhi zilizofifia na kuulizia faili masijala. Kama kusoma kurasa 40 kutafuta mstari mmoja kunakuchosha, fikiria tena. Kama kunakupa hamu, nenda, na Mungu akutangulie.

"Chuo kimeniita, kina majengo mazuri. Nitajuaje kinatambuliwa?" Mbale

Usiulize chuo, uliza kozi. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, huidhinisha kila programu peke yake na kuipa muda. Mwaka 2023 palizuka kelele kubwa nchini ilipoonekana kwamba programu nyingi, hata za vyuo vikubwa, idhini zake zimeisha muda. Tazama kwenye orodha ya baraza kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikilia nafasi.

"Napenda kufundisha na nina masomo ya sanaa. Kaka yangu anasema mwalimu wa sanaa ni maskini wa kujitakia, bora nirudie S5 nisome Fizikia." Binti, Busia

Binti yangu, kaka yako ana sababu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi milioni 4 kwa mwezi, huku yule wa sanaa akibaki na takriban milioni 1. Juni mwaka huo walimu wakagoma. Watu wawili wanagawana chaki na chumba cha walimu, mmoja analipwa mara nne. Lile lilikuwa kosa, nami nalisema kila ninapopewa nafasi.

Hata hivyo nimewaona waliojilazimisha Fizikia kwa ajili ya ule mshahara. Wengi walipata E mbili, alama za chini, na hawakufika popote.

Tena una kitu ambacho kaka yako hakihesabu. Umeniandikia Kiswahili safi, na umekulia mpakani. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha ni wachache mno. Najua shule ambako mwalimu wa somo lingine hushika kitabu cha Kiswahili akisoma ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wake. Makerere na Kyambogo wanakifundisha. Chagua Kiswahili na somo la pili ambalo shule nyingi wanalitaka, kisha jifunze na tafsiri pembeni, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo inahitaji watafsiri. Mshahara wa serikali hautabadilika kwa sababu ya Kiswahili, sitakudanganya. Ila hutakaa muda mrefu ukitafuta darasa.

"Nina shahada ya ustawi wa jamii. Nilikuwa na shirika kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, kazi ikaisha msaada wa Marekani ulipokatwa 2025. Nina miaka 33. Nirudi kusoma nini?" Dada, Arua

Pole dada. Hukufukuzwa kwa kuwa ulisoma vibaya. Kozi yako ilijenga watu wengi wazuri, lakini ajira zake zilisimama juu ya fedha za nchi moja mbali, na hakuna aliyetuambia hilo tukiwajazia fomu. Mimi pia sikuwaambia wanafunzi wangu.

Usikimbilie shahada ya pili kwa uchungu. Chukua karatasi uandike ulichokuwa ukifanya hasa: kuhoji kaya kwa fomu ya simu, kupatanisha watu kisimani, kuandika ripoti usiku, kusema Kiswahili na Kiarabu cha Juba katika kikao kimoja. Kisha fuatilia matangazo ya Tume ya Utumishi ya Wilaya, kwani maofisa wa maendeleo ya jamii huajiriwa na shahada kama yako. Mshahara ni mdogo kuliko wa shirika, ila haukatwi kutoka ng'ambo. Kama ulikuwa mtu wa bajeti, mitihani ya uhasibu ya CPA haidai shahada ya uhasibu, na unaweza kuifanya ukiwa kazini.

"Nataka kusomea kuchomelea vyuma. Baba anasema hajaniuzia ng'ombe niwe fundi." Kijana, Bweyale

Mwanangu, mwambie mzee kwamba Makerere yenyewe ilifunguliwa mwaka 1922 na wanafunzi 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umekanika. Hapo karibu nanyi, Kigumba, pana chuo cha petroli, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limehitaji wachomeleaji wenye vyeti vya kimataifa. Tatizo ni kwamba bomba likishafukiwa, wengi wao wataondoka. Kwa hiyo jifunze kuchomelea, lakini pia kusoma michoro na kukadiria bei, uweze kuishi kwa mageti, matangi na trela.

Kabla ya lolote, nendeni na baba kwa fundi mwenye jina hapo mjini, asubuhi, umwombe akupe kazi ya siku tatu bila malipo. Mzee akae amwone fundi anavyopima geti kwa uzi kona hadi kona, na wateja anaowarudisha kwa kuwa kazi imejaa. Halafu uniandikie alichosema mzee njiani mkirudi.