Kabla ya Kuchapisha Picha, Mtafute Mwenye Nayo: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutangaza Utalii na Utamaduni Mtandaoni

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilichapisha mtandaoni video ya ngoma iliyonivutia mno, nikaiandikia kuwa ni ngoma ya kuwakaribisha wageni. Watu wengi waliitazama, na washirika wetu wa nchi nyingine wakaomba kuionyesha katika hafla yao ya ufunguzi, nasi tukawakubalia siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye mzee mmoja aliyeonekana akicheza ndani yake alitupigia simu, akatueleza kwa utulivu kwamba ile ilikuwa ngoma ya kumuaga marehemu, na kwamba ukoo wake uliona msiba wao umegeuzwa burudani. Tuliifuta kwenye akaunti yetu, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa, na baadhi yake zipo hadi leo pamoja na maelezo yangu yale yale yasiyo ya kweli. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Tatizo ni kwamba sikuuliza.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu wengi wanaojiunga nasi huja wakiwa hodari wa kamera, wa kuhariri video na wa kusoma takwimu za watazamaji, lakini hawajazoezwa kujiuliza picha ni ya nani na nani mwenye haki ya kuieleza. Sheria ya hakimiliki hujibu sehemu ndogo tu ya swali hilo, kwa kuwa aghalabu humlinda aliyepiga picha kuliko jamii ambayo ngoma, hadithi au ibada ile ni yake. Someni mapema Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, yaani mambo kama ngoma, hadithi na sherehe. Mkataba huo unautambua urithi kuwa ni ule ambao jamii, vikundi na wakati mwingine watu binafsi wanaukubali wenyewe kuwa ni sehemu ya urithi wao. Ukishalielewa neno hilo "wenyewe", utaona kwamba ofisi yako ni mpitishaji wa habari, na kwamba maelezo ya mwisho hayawezi kutungwa mezani kwako.

Kuna waliolifanyia kazi jambo hili kwa umakini mkubwa. Jamii ya Warumungu wa Tennant Creek, nchini Australia, ilishirikiana na watafiti kutengeneza hifadhi ya kidijitali iitwayo Mukurtu, ambamo kila picha na kila sauti hubeba masharti yaliyowekwa na jamii: nani anaruhusiwa kuitazama, ni ya ukoo gani, na kama ndani yake yumo mtu aliyefariki. Leo programu hiyo hutolewa bure na inatumiwa na jamii za nchi nyingine pia. Nchini humo humo, baada ya kupanda mwamba wa Uluru kupigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019 kwa kuheshimu matakwa ya Waanangu, wenye eneo hilo, mamlaka ya hifadhi iliiomba Google kuondoa kwenye ramani zake picha zilizopigwa kileleni, na zikaondolewa mwaka 2020. Mahali pasipokanyagwa kwa miguu hapakupaswa kuendelea kukanyagwa kwa skrini. Wapo watakaosema kwamba picha haimdhuru mtu. Mimi nimezungumza na yule mzee, na siwezi kukubaliana nao.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, omba ruhusa kwa lugha ya unayemwomba, na ueleze wazi picha zitaonekana wapi, katika nchi zipi, kwa muda gani, na afanye nini akibadili nia. Siku hizi kila video yetu ina ukurasa wake wa kumbukumbu wenye jina la tukio kama wenyeji wanavyolitaja, jina la aliyetueleza maana yake, tarehe, na sehemu ambazo tumeombwa tusizionyeshe. Kuujaza ukurasa huo huchukua karibu nusu saa, na mara nyingi umetuokoa washirika wa nchi nyingine wanapouliza maswali ambayo aliyerekodi hayupo tena kuyajibu. Kumbuka vilevile kwamba mitandao mingi ya kijamii huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, na kwamba mtu akiisambaza upya video huyaacha nyuma maneno uliyoiandikia. Maelezo ya msingi yawekwe ndani ya video yenyewe, yakisomeka kwa sekunde kadhaa, ili yasafiri nayo.

Lugha ni eneo la pili ambalo wageni wa kazi hulichukulia kwa wepesi. Tafsiri ya mashine ni msaada mzuri wa kuelewa barua iliyoingia, lakini usiitume nje kabla haijasomwa na mtu aliyekulia katika lugha hiyo. Chukua mfano wa saa tu: tangazo la Kiswahili likisema msafara unaondoka saa mbili asubuhi, tafsiri ya harakaharaka inaweza kumwambia mgeni afike saa nane za usiku, na mwenye kosa si mgeni. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa kuwa 5/7 ni Julai kwa wengine na Mei kwa wengine. Majina ya ngoma, vyombo na sherehe yabaki katika lugha yake ya asili, kisha yaelezwe kwa sentensi moja. Ukiyatafsiri, unamnyima mgeni neno ambalo angelitamka mbele ya wenyeji na wakamwelewa. Epuka pia kuweka maandishi muhimu ndani ya picha pekee, maana programu zinazowasomea wasioona hazitayafikia kwa uhakika.

Sasa nije kwenye neno "kubadilishana", ambalo huandikwa katika kila makubaliano ya ushirikiano na kusahauliwa kazi inapoanza. Nchi mbili zikirushiana matangazo tu, hakuna kilichobadilishwa. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2018, Uswidi iliikabidhi akaunti yake rasmi ya Twitter kwa mwananchi mmoja kila wiki, aandike mambo ya maisha yake na kuwajibu watu wa dunia nzima. Ulikuwa uamuzi wenye hatari, na si kila ujumbe uliwafurahisha watu, lakini aliyeuliza alijibiwa na mtu. Mwaka 2020, safari zilipokatika kwa sababu ya UVIKO-19, Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, viliwavisha wenyeji kamera kichwani, na watu waliokuwa wamejifungia majumbani katika nchi nyingine wakawaelekeza kwa simu wageuke, watembee, wakimbie, hata waruke. Teknolojia iliyotumika haikuwa ya ajabu. Kilichonigusa ni kwamba mwenyeji alikuwepo, akiongea, na angeweza kusema huku hatuendi. Ukipanga mradi wako, hesabu ni dakika ngapi watu wa pande mbili watazungumza moja kwa moja, na wakati huo uulinde bajeti inapopunguzwa.

Usitangaze kuliko uwezo wa mahali kupokea. Hilo ni gumu kumweleza mkuu wa kazi anayetaka idadi ya watazamaji ipande, lakini ni wajibu wako kulisema. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiofikia 1,000, kilipata umaarufu mkubwa wa picha za mtandaoni hata mwaka 2023 kikaweka kwa muda uzio wa mbao mbele ya mandhari yake ili kuwazuia wapiga picha. Visiwa hivyo hivyo vya Faroe vilifunga baadhi ya vivutio vyao kwa siku chache mwezi Aprili 2019, na kuwaalika watu 100 wa kujitolea waje kukarabati njia badala ya kutembea tu. Kule Jackson Hole, nchini Marekani, bodi ya utalii iliwaomba wageni mwaka 2018 waache kutaja mahali hasa walipopigia picha, kwa sababu njia zisizo rasmi zilikuwa zikiharibu mazingira. Mimi hutaja eneo pana na kumwelekeza mgeni kwenye kituo cha waongozaji, hasa panapohusika wanyama adimu au makaburi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi: simu nzuri na kinasa sauti kinachoshika maneno bila upepo vinatosha kwa kuanzia, na sauti mbovu hufukuza watazamaji upesi kuliko picha hafifu.

Yanayofuata baada ya mradi kwisha yanastahili uangalifu zaidi. Nimeshuhudia tovuti ya ushirikiano wa nchi mbili ikitoweka, pamoja na mahojiano ya wazee ambao baadhi yao wamekwisha kufariki, kwa sababu ada ya mwaka ya jina la tovuti haikulipwa na nywila ilikuwa kwa mtu mmoja aliyehama kazi. Akaunti zote zisajiliwe kwa jina la taasisi, watu wawili wawe na funguo zake, na faili za awali zihifadhiwe mahali pawili tofauti. Picha ambazo wenyewe wameridhia zitumike na yeyote zinaweza kupelekwa Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha za kutumiwa bure, chini ya leseni huria, yaani idhini ya kila mtu kuzitumia, ambako hazitegemei bajeti ya mradi wako. Shindano la Wiki Loves Monuments limekuwa likikusanya picha za majengo ya kihistoria kwa njia hiyo tangu mwaka 2010. Zile zisizoridhiwa zisipelekwe huko, kwa kuwa leseni ya aina hiyo ikishatolewa hairudishwi. Na nakala ya kwanza ya kila tunachorekodi sasa huenda kwa wenyewe, katika kifaa wanachoweza kukifungua bila sisi, pamoja na karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa lugha yao, ili kosa likiwamo walione kabla ya watu wengine.