Usihamishe pointi kabla hujakiona kiti

Mkuu, umesema una pointi 62,000 kwenye kadi ya mkopo, benki imetangaza nyongeza ya asilimia 30 kwa atakayezihamishia shirika fulani la ndege kabla mwezi haujaisha, na safari yenyewe ni ya mwakani. Unauliza kama uzihamishe zote leo. Mimi nasema tulia kwanza, maana ofa ya namna hiyo niliwahi kuiingia kichwakichwa.

Nilikuwa na 40,000. Nyongeza ikazifanya 52,000, nikajiona mjanja kweli. Nilipokaa kutafuta tiketi, siku zangu karibu zote hazikuwa na kiti cha maili (yaani kiti unachokilipia kwa maili, pointi za shirika la ndege, badala ya fedha), na ile moja yenye kiti walitaka maili 88,000. Nikapiga simu benki nirudishiwe pointi zangu. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba hilo halipo. Karibu kila benki iko hivyo: pointi zikishageuka maili, hazigeuki tena. Zikiwa benki unaweza kuzipeleka kwa mashirika kadhaa, kwa hoteli, au kulipia nauli moja kwa moja. Zikishahama, unabaki mikononi mwa shirika moja, nalo linaweza kupandisha bei ukiwa usingizini. Shirika la Marekani la Delta waliondoa jedwali lao la bei za maili mwaka 2015, wenzao United wakaja kuliondoa lao 2019, na sasa bei za maili kwa mashirika mengi hupanda na kushuka kama nauli za kawaida.

Kwa hiyo siku hizi naanzia kwenye kiti. Kujiandikisha kwenye programu ya maili ya shirika ni bure, basi jiandikishe hata kama huna maili hata moja, kisha tafuta safari yako humo. Mashirika mengi hufungua kalenda siku kama 330 hadi 360 kabla ya safari, na viti vya maili nafuu huonekana pale mwanzoni, au wiki mbili za mwisho ndege ikiwa haijajaa. Ukikiona, angalia tena kwa washirika wao. Ndiyo faida ya miungano ya mashirika ya ndege kama Star Alliance, Oneworld na SkyTeam: kiti kilekile cha ndege ileile unaweza kukilipia kwa maili za shirika jingine, na bei zikatofautiana sana. Programu moja itakutoza ada kubwa ya mafuta, nyingine haitozi. Maili ziitwazo Avios, kwa mfano, unaweza kuzihamisha kati ya British Airways, Iberia na Qatar Airways, ndiyo maana mimi hulinganisha kote kabla ya kugusa kitufe. Na kiti cha mshirika kikionekana, piga simu wakuthibitishie. Kuna viti hewa, vinavyoonekana kwenye tovuti na havipo.

Halafu piga hesabu. Chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, gawanya kwa idadi ya maili. Tiketi ya dola 640 inayouzwa kwa maili 35,000 na ada ya dola 90: 550 kwa 35,000, kila maili imekupa kama senti 1.6. Hiyo nachukua. Tiketi ya dola 420 kwa maili 30,000 na ada ya dola 210 inakupa senti 0.7, na hiyo naiacha. Kadi yangu hulipia nauli kwa senti 1 kwa kila pointi bila kuhamisha kitu, kwa hiyo chini ya hapo ni hasara tupu, hata waipambe vipi hiyo nyongeza.

Mchangiaji mwingine amekushauri ununue vitu kwa kadi ili pointi zifike 80,000. Sawa, kama ni vitu ungenunua hata hivyo na deni unalimaliza lote kila mwezi. Vinginevyo hapana. Kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, deni la dola 1,000 linakula kama dola 20 kwa mwezi, na hizo pointi 1,000 ulizopata zina thamani ya dola 10 hivi. (Wapo waliofaidi kwa kununua vya ajabu. Mwaka 1999 Mmarekani David Phillips alinunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini vilivyokuwa kwenye promosheni ya maili, kwa kama dola 3,000, akavuna maili zaidi ya milioni moja. Lakini yeye alisoma masharti ya promosheni mstari kwa mstari, na hakuvila vyote: vingi alivitoa msaada.)

Nyongeza ya asilimia 30 ikikuuma sana, tafuta kiti wiki hii. Kikipatikana, hamisha kiasi cha tiketi hiyo tu. Hakikisha jina la kadi na la akaunti ya maili yanafanana herufi kwa herufi, na uliza uhamisho unachukua muda gani: mwingine ni dakika, mwingine siku tatu, na kiti hakikusubiri.

Zile 52,000 zangu? Nilizitumia mwaka uliofuata, kwa safari fupi ambayo sikuwa na haja nayo. Zimebaki 11,000, zinakufa mwezi wa nane.