Maswali yenu: mtoto ameshasimama dede, nyumba je?

Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miezi 10, ameanza kusimama dede kwa kushikilia viti. Nianzie wapi kuiweka nyumba salama? (Mama Mapacha, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Anza kwa kupiga magoti. Tambaa kutoka mlangoni mpaka jikoni uone anachokiona yeye: waya wa pasi unaoning'inia, kidonge kilichodondoka uvunguni, pindo la kitambaa cha meza. Hilo la kitambaa nalijua vizuri. Mwanangu wa kwanza alikishika kwa mikono miwili akavuta, na mimi nipo hatua tatu tu kutoka kwake. Nikaiona chupa ya chai inateleza kuelekea ukingoni. Ikaanguka pembeni yake, na bahati kifuniko kilikuwa kimekazwa. Toka siku hiyo meza yangu haijavaa kitambaa. Chai iliyomiminwa inaweza kumbabua mtoto hata baada ya robo saa, wakati wewe mkubwa unaiona imepoa.

Mtoto akiungua nipake dawa ya meno au asali kabla ya kwenda hospitali? (wengi mmeuliza)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado watoto wanafikishwa wodini wamepakwa yai, unga na dawa ya meno, kisha muuguzi inabidi avibandue vyote juu ya kidonda kibichi ndipo daktari aone kilichopo chini.

Ni maji. Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, ukitazama saa. Bomba likiwa kavu, chota kwa kopo umimine polepole. Kama hukufanya mara moja, fanya sasa, bado inasaidia hata zikiwa zimepita saa 3. Barafu usiweke. Mvue nguo, isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi, na shanga za kiunoni na bangili uzitoe mapema kabla hajavimba. Sehemu ambayo haikuungua ifunike asipate baridi. Malengelenge usiyatumbue. Funika kidonda kwa kitambaa safi, na kama ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, nenda hospitali.

Mafuta ya taa tunaweka kwenye chupa ya maji, na dada wa kazi ameambiwa awe makini. Inatosha? (Baba wa Watatu, Tanga)

Haitoshi, ndugu yangu, na hapa naomba tuelewane. Huyo dada ana sufuria jikoni, nguo kwenye beseni, mtu anayebisha hodi getini na simu ya mama mwenye nyumba. Jicho lake haliwezi kuwa kwa mtoto kila nukta, kama ambavyo lako haliwezi. Kila mzazi niliyemkuta analia kwenye benchi la wodi ya watoto aliniambia "nimegeuka tu kidogo". Wote walikuwa wanasema kweli. Kwa hiyo acheni kuagizana umakini, hamisheni kitu chenyewe.

Mtoto ameshajifunza kwamba chupa ya maji ni ya kunywa, na ninyi ndio mliomfundisha. Mafuta ya taa mengi yana rangi ya maji. Yaweke kwenye dumu lake, ndani ya kabati lenye kufuli. Dawa ya choo na sumu ya panya nazo vivyo hivyo. Na ninyi mnaotengeneza sabuni nyumbani, ile kostiki soda mnayoiacha kwenye mfuko wa nailoni chini ya sinki inaunguza umio wa mtoto, na hata akipona, kumeza chakula kunaweza kumsumbua miaka mingi.

Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula. Akitapika yanaingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mbebe, beba na chupa, nenda.

Ndoo ya maji bafuni ina hatari gani, maji yenyewe robo tu? (Dada Mkubwa, Mombasa)

Sentimita 5 zinatosha kumzamisha. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akiinama kuchungulia anatumbukia na hana nguvu za kujiinua, wala hapigi kelele. Mwaga, au funika kwa kifuniko kinachobana.

Kile kigari cha magurudumu kinasaidia mtoto kutembea haraka?

Hapana. Kinamfikisha haraka kwenye ngazi na kwenye jiko la mkaa. Canada walikipiga marufuku mwaka 2004. Ukipewa zawadi, usimrithishe jirani.

Mtoto wa dada yangu wa miaka 2 alimeza betri bapa ya rimoti, bibi akasema atainya. Ni sawa? (Mjomba, Mwanza)

Si sawa kabisa. Ile inayofanana na sarafu ikikwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2, hata ikiwa imeisha chaji. Mtoto anapelekwa palepale kupigwa eksirei, usiku au mchana. Kama amevuka mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe njiani asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, bila kusimamisha safari. Hii ndiyo kazi ya asali, siyo kwenye kidonda cha moto. Kisha kagua rimoti zote, mizani ya jikoni na midoli inayoimba. Kifuniko kisicho na skrubu kifunge kwa gundi ya karatasi, mizunguko mingi.

Karanga anaweza kula akifika umri gani?

Nzima nzima, asubiri miaka 5. Kabla ya hapo zisage.

Ninunue vile vifuniko vya plastiki vya kuziba soketi? (Mama Aliye Dodoma)

Hela yako ipeleke kwingine. Soketi zetu za ukutani za matundu 3 ya mraba, zikiwa halisi, zina vizuizi ndani vinavyofunguka pini ndefu inapoingia, na kifuniko kibovu kinaweza kuviacha wazi. Kinachonitisha ni ekstensheni za bei poa, zenye matundu mapana ya kupokea plagi ya kila aina. Nyingi hazina kizuizi chochote, na unakuta imelala sakafuni nyuma ya kochi, pale pale mtoto anapofuata mpira wake. Inunue nyingine yenye vizuizi, uifunge ukutani juu, na ile ya zamani ikate waya kabla ya kuitupa asije mtu akaiokota.