Maswali ya waimbishaji: kanisa likinyamaza, nani kakosea?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Toka niliposema kiongozi wa sifa sio msanii meseji hazijakatika, wengine mmenuna kabisa, ila maswali ni mazuri. Najibu machache, naandika nikiwa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma nasubiri dagaa wa mama watoto kwaiyo mnivumilie.

Shikamoo mwalimu. Naongoza sifa kanisani kwetu Gungu. Nikianza wimbo watu wanaitikia vizuri, tukifika kwenye kiitikio wananyamaza wananiangalia. Nimefunga siku tatu lakini wapi. Nifanyeje?

Marahaba binti yangu. Kufunga endelea, ila hapo namshuku kinanda kabla ya shetani. Nadhani wimbo umeutoa YouTube kwa dada mwenye sauti ya juu, mpiga kinanda naye kaukamata kwa kii ileile (yaani urefu uleule wa sauti), sasa kiitikio kinapanda kule ambako mama aliyeamka saa kumi kuchota maji hawezi kufika, na akina baba ndo kabisa, wananguruma kidogo chini alafu wanaacha. Tafuta noti ya juu kuliko zote kwenye wimbo. Kama kwa kina mama imepita ile D ya juu (akina baba wanaiimba oktavu chini yake) shusha. Kinanda kina kitufe cha transipozi, kila ukibonyeza inashuka nusu sauti, oktavu nzima ni nusu sauti 12, kwaiyo ukishusha 3 au 4 haujaua mtu. Sauti yako haitang'aa kama ulivyozoea, ni kweli, na wenzio wa kwaya watakwambia umepooza, waache.

Hili mi nilijifunza kwa aibu. Kanisa moja hapa mjini, jumapili ya mavuno, nimeanzisha wimbo kwa kii niliyoipenda mwenyewe, nimefumba macho najua tumeshafika mbinguni, umeme ukakatika. Maiki kimya, kinanda kimya. Ndo nikasikia kumbe kanisa zima hamna mtu anaimba, ni mimi na feni iliyokuwa inamalizia kuzunguka. Nikabaki nimesimama na maiki mfu mkononi. Bibi mmoja benchi la mbele akakaza kanga kiunoni akaanza pambio la Kiha, chini kabisa, sauti ya mtu anayetwanga, kofi mojamoja, safu ya pili wakadaka, kufumba na kufumbua hadi watoto wa sande skuli waliokuwa nje wamening'inia madirishani wanaitikia. Umeme ulivyorudi hakuna aliyehangaika na spika. Toka siku ile kwenye kiitikio natoa maiki mdomoni nasikiliza, nisiposikia watu najua nimeharibu mimi.

Mpiga gita wetu katokea ng'ambo, Kalemie kule Kongo. Kila pambio anaweka sebene dakika kumi, vijana wanaruka wazee wanatoka nje. Tumsimamishe?

Mkimsimamisha mtampata nani tena? Ukanda huu wa ziwa muziki unavuka na maboti kama mizigo mingine tu, na wale jamaa wanajua gita, tusibishane. Sebene ni pale gita linaposhika usukani maneno yanakaa pembeni, kwenye dansi ndo utamu wake. Ibadani shida inakuja hapo kwenye maneno, yakiisha mzee asiyecheza hana kazi, atasimama afanye nini, si bora akapunge upepo. Mpeni sebene yake ila juu yake pawe na mstari mmoja mfupi kanisa linarudia, mizunguko minne, ikizidi sana nane, na muwe na alama ya kufunga, mi huwa nainua ngumi dramu anajua. Na mazoezi ya jumamosi aje, yeye wa kwanza.

Alafu mkiimba Kilingala waambieni watu Nkolo ni Bwana, Nzambe ni Mungu, ni sekunde tano tu. Paulo kwenye 1 Wakorintho 14 kasema ataimba kwa roho na kwa akili pia, sasa akili itaimba vipi kitu isichokijua. Kwenye Kiha hamna tabu, Imana nani hamjui.

Sisi ni Wamoravian huku Urambo. Vijana tunataka mapambio, wazee wanasema tenzi tu, mapambio ni ya walokole. Nani yuko sahihi?

Kaka msiwachokoze wazee, hapo wana hoja. Ndugu wa Bohemia (Ucheki ya leo) ambao ndo mizizi ya Moravian walikuwa wanachapisha vitabu vya nyimbo toka mwanzoni mwa miaka ya 1500, Luther hajabandika hoja zake za 1517 bado, sasa ukienda kumwambia mzee wa hivyo kitabu kimepitwa utategemea akuchekee? Fanyeni ivi: chukueni utenzi wanaoupenda wao, beti mbili kwa sauti nne bila chombo chochote, hapo mtaona besi za Urambo zinavyotikisa bati, alafu kwa kii ileile ingieni pambio moja la taratibu. Moja, sio matano. Mkaombe kwa mchungaji kabla, msiwashtukize madhabahuni.

Sauti inakauka kila jumapili. Nimekunywa mawese, mayai mabichi na tangawizi.

Pole dada, mayai umeyaonea bure, chakula hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinapita njia yake. Maji toka jumamosi, pasha sauti kwa kuguna taratibu dakika kumi, na acha kushindana na dramu, mwambie fundi akurudishie sauti yako kwenye spika ya mbele uisikie. Ukikaa na mkwaruzo wiki tatu nenda hospitali.

Je ni vibaya kusema "mwambie jirani yako" katikati ya nyimbo?

Mara moja sawa. Jumapili iliyopita nimehesabu kumi na moja, jirani yangu mzee wa watu mwishowe akanigeukia akaniambia, "kijana, mi nimeshakusikia."